Kwenye Ishirini na Moja, Wewe Ndiye Unayeungua Kwanza

Kambi nyingi za kuchana mbao huku Mufindi hazina umeme, na jua likishazama baridi ya mwezi wa sita haina huruma. Watu wanakula mapema, wanazunguka moto, chai ya rangi inapita, karata zinatoka. Kuna wa arobastini, kuna wa lasti kadi, lakini likija suala la hela mchezo ni mmoja tu: ishirini na moja. Ni huohuo ambao kwenye kasino wanauita blackjack: unajumlisha karata zako, picha ni 10, ree (ile A) ni 1 au 11, na ukiikaribia 21 kuliko anayegawa, yaani benki, bila kuizidi, umekula. Tofauti ni kwamba kambini benki inazunguka. Unagawa wewe mpaka pakiti iishe, halafu anagawa mwenzako, na kila anayegawa anawala wenzake au analipa kutoka mfukoni mwake.

Huko kuzunguka kwa benki ndiko kulikonifundisha mchezo. Baba Mdogo, aliyenipokea kambini nilipomaliza shule, hakuwa na habari na karata nzuri wala mbaya. Alichokitaka ni zamu ya kugawa. Mtu akichoka, au akiogopa kwamba hela aliyonayo haitatosha kulipa wenzake, Baba Mdogo ananunua zamu yake. "Lete hapa, shika elfu mbili hii, wewe kaa uote moto." Vijana walimcheka, mtu mzima ananunua kazi ya kugawa karata! Asubuhi haohao wanamfuata awakopeshe hela ya vocha.

Nilipomuuliza siri yake akaniambia, "Mwanangu, usiangalie karata. Angalia mtu akiungua, hela yake inaondoka saa ngapi."

Nikaanza kuangalia. Mchezaji anaomba karata, anazidi 21, ameungua. Dau lake linavutwa palepale. Wengine wanamalizia, halafu benki inafunua karata zake, inaongeza, inazidi 21 na yenyewe. Imeungua. Waliobaki mezani wanalipwa, lakini yule aliyeungua mwanzo harudishiwi hata senti. Yeye kaungua, benki imeungua, na aliyelipa ni yeye peke yake.

Faida yote ya benki imejificha hapo. Haihitaji ujanja wa vidole wala karata zenye alama. Benki ya kasino haina uamuzi wowote: inalazimika kuongeza mpaka ifike 17, ikifika inasimama. Kwa utaratibu huo inaungua takriban mara 28 katika kila raundi 100. Sasa chukua mchezaji anayesema, "Kama benki inashinda kwa kuongeza mpaka 17, na mimi nitafanya hivyohivyo." Naye ataungua mara 28. Zile raundi ambazo wote wawili wangeungua ni kama 8 katika 100, na zote nane zinakwenda kwa benki. Mchezaji anarudishiwa sehemu yake pale anapopata ree na karata ya kumi kwa mpigo, maana hiyo, ambayo nayo inaitwa blackjack, inalipwa zaidi ya dau. Hata hivyo mwisho wa hesabu anabaki na hasara ya kama shilingi 5 na nusu kwa kila shilingi 100 anazoweka.

Kuna mwingine anayeruka upande wa pili kabisa. Yeye kakataa kuungua. Akiwa na 12 anabaki, akiwa na 13 anabaki, anaiachia benki kazi. Kambini tulikuwa na fundi wa msumeno wa namna hiyo, mtu mpole, hata kuomba karata anaomba kwa sauti ya chini. Huyu anapoteza kama shilingi 4 kwa kila 100, kwa sababu mara nyingi benki inatoka na 18, 19, 20, na 12 haimshindi mtu yeyote anayefika 17.

Anayecheza sawasawa, kwenye meza yenye sheria nzuri, anapoteza kama nusu shilingi kwa kila 100. Umbali wote kati ya hasara ya tano na nusu na hii ya nusu shilingi uko mikononi mwako, na haugusi bahati hata kidogo. Unachotakiwa kujua ni wakati gani uhatarishe kuungua na wakati gani uiachie benki ijiunguze yenyewe.

Jibu liko kwenye karata moja ya benki iliyo wazi. Watu wengi wanakodolea macho karata zao mpaka wanasahau kuitazama, wakati ndiyo inayokuambia benki iko kwenye hatari kiasi gani. Ikionyesha 2, benki inaungua takriban mara 35 kwa 100. Ikionyesha 4 inafika 40, na 5 au 6 inafika 42. Halafu inaanguka ghafla: kwa 7 ni kama 26, kwa 8 ni 24, kwa 9 ni 23, kwa 10 ni 21 hivi, na ree ndiyo mbaya kuliko zote. Kuna ukuta kati ya 6 na 7. Benki ikiwa upande wa chini wa ukuta huo, wewe mwenye 13, 14, 15 au 16 unabaki, kwa sababu yenyewe ina safari ndefu na wewe huna haja ya kujiunguza mapema. Ikiwa na 7 kwenda juu unaomba karata mpaka ufike 17, upende usipende.

Hiyo 12 ina jambo lake. Watu wanaiogopa kana kwamba nusu ya pakiti itawaunguza, wakati kinachoiunguza ni karata za kumi tu, yaani 10 yenyewe na zile tatu za picha. Hizo ni aina 4 kati ya 13, chini ya theluthi. Kwa hiyo benki ikionyesha 2 au 3, mwenye 12 anaomba. Ikionyesha 4, 5 au 6 anabaki. Baba Mdogo mpaka leo anakataa hilo la 2 na 3. Yeye anabaki. Nilipomwonyesha hesabu akasema tofauti yake ni ndogo mno kwa mtu mwenye mgongo unaouma, na kusema kweli ni ndogo.

Nilichostaajabu ni kwamba mengine yote alikuwa nayo kichwani, mtu wa darasa la nne, bila kuandika popote. Wamarekani waliyapata kwa njia nyingine. Wanajeshi wanne, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walikuwa kwenye kituo cha jeshi cha Aberdeen huko Maryland, wakakaa na mashine za kawaida za mezani za kujumlishia wakapiga hesabu ya kila hali inayoweza kutokea. Walichapisha matokeo mwaka 1956 kwenye jarida la chama cha wanatakwimu cha Marekani. Baadaye mwanahisabati Edward Thorp akaingiza hesabu hizo kwenye kompyuta kubwa ya IBM 704, na mwaka 1962 akatoa kitabu kuonyesha kwamba mtu anayefuatilia karata zilizokwisha kutoka anaweza hata kuizidi kasino. Mimi jedwali lenyewe, linaloonyesha la kufanya kwa kila karata zako mbele ya kila karata ya benki, nililipata kwenye simu, nikalinakili kwa kalamu kwenye kipande cha ubao, nikakigongomea ukutani kwenye banda la kupikia.

Jedwali hilo linawaudhi watu kwenye sehemu tatu nne hivi, na kwa uzoefu wangu hela nyingi inapotelea palepale panapoudhi.

Ya kwanza ni 16 mbele ya 10. Hakuna mtu anayeipenda. Ukiomba, aina 8 kati ya 13 zinakuunguza. Ukibaki, unashinda pale tu benki itakapoungua, na kwa 10 hilo linatokea kidogo zaidi ya mara moja katika tano. Njia zote mbili zinakugharimu zaidi kidogo ya nusu ya dau kwa wastani, na kuomba ni nafuu kwa kiasi kidogo mno. Jedwali linasema omba. Meza nyingine zinakuruhusu kujisalimisha, yaani kutoa nusu ya dau na kuondoka kwenye raundi; hapo toa hiyo nusu bila kununa.

Ya pili ni ree na 7. Nikiwa Dar baada ya kushusha mzigo wa mbili kwa nne pale Keko, nasubiri malipo, niliingia kasino moja jioni. Nikagawiwa ree na 7, mgawaji anaonyesha 9. Pembeni yangu amekaa mzee mmoja wa makamo, pete kubwa kidoleni, anacheza kwa mbwembwe. "Kaka, una 18 hiyo, tulia." Nikagonga meza kuomba. Ikaja 10. Kwa kuwa ree inahesabiwa 1 au 11, sikuungua, nikarudi kwenye 18 ileile, safari hii ya kweli. Mgawaji akafunua 10, ana 19. Nikaliwa. Mzee akacheka mpaka akakohoa: "Si nilikwambia?"

Alichoniambia hakikuwa na msaada, kwa sababu hata ningebaki ningeliwa vilevile. Ila raundi moja haithibitishi kitu. 18 inaonekana namba kubwa, lakini benki yenye 9 mara nyingi inaishia juu yake. Ukibaki na ree-7 mbele ya 9 unapoteza kwa wastani kama shilingi 18 kwa 100. Ukiomba unapoteza kama 10. Bado ni hasara, ila ni karibu nusu ya ile nyingine, na karata ya kwanza unayoomba haiwezi kukuunguza. Sehemu kubwa ya kucheza vizuri iko hivyo, kuchagua hasara ndogo pale ambapo faida haipo.

Ya tatu ni kuongeza dau mara mbili. Hapa ndipo yule fundi wetu mpole alipokuwa akiumia bila kujua. Hata kwa uchezaji usio na kosa, unashinda raundi kama 42 au 43 katika 100, unatoka sare 8 au 9, na zilizobaki kama 49 unaliwa. Yaani unaliwa mara nyingi kuliko unavyokula. Kinachofanya hesabu ikaribie kulingana ni zile raundi ambazo umeshinda ukiwa na hela nyingi zaidi mezani, pamoja na ziada ya blackjack. Sasa mtu ana 11, benki ina 6, fursa tamu kuliko zote, na yeye anaomba karata moja moja kwa dau lilelile kwa sababu anaogopa kuongeza. Huyo kaukubali ubaya wote wa mchezo, kauacha uzuri wake. 11 unaidabo mbele ya 2 mpaka 10. 10 unaidabo mbele ya 2 mpaka 9. 9 unaidabo mbele ya 3 mpaka 6.

Jozi, yaani karata mbili za namba moja ambazo unaweza kuzitenganisha zikawa mikono miwili, kila mmoja na dau lake, nitazipitia haraka. Ree mbili zitenganishe, 8 mbili zitenganishe maana 16 ni balaa na 8 moja moja ina matumaini. 10 mbili usiziguse, hiyo ni 20, kaa nayo kwa heshima. 5 mbili zichukulie kama 10.

Lakini kuna sharti ambalo majedwali ya mtandaoni mengi hayalisemi, kwa kuwa yametengenezwa kwa sheria za Marekani. Kule mgawaji mwenye ree au 10 anachungulia karata yake ya pili kwanza. Akiwa na blackjack raundi inaisha kabla hujaongeza dau. Kuna meza ambazo mgawaji hachukui karata ya pili mpaka wachezaji wote wamalize. Ukikaa meza ya aina hiyo, na sheria yake ni kwamba blackjack ya benki inakula dau zima ikiwemo nyongeza, usidabo 11 wala usitenganishe 8 mbele ya 10 au ree. Omba tu. Mgawaji ukimuuliza anakujibu bila shida. Hakuna siri, ni watu wa kazi.

Tena kabla ya kukaa soma kitambaa cha meza. Maandishi yake yana thamani kuliko ushauri wa jirani. Blackjack ikilipwa 3 kwa 2, ukiweka 10,000 unapata 15,000. Ikilipwa 6 kwa 5 unapata 12,000. Watu wanaona 6 na 5 ni namba kubwa wanadhani wamependelewa! Blackjack inakuja mara moja katika kila raundi 21 hivi kwa wastani. Raundi 21 za 10,000 ni 210,000, na wewe umenyang'anywa 3,000 ndani yake, karibu shilingi moja na nusu kwa kila 100. Ile nusu shilingi uliyoihangaikia kwa kukariri jedwali zima, sheria moja imeifanya karibu mbili. Mimi meza ya 6 kwa 5 siikalii hata viti vyote vingine vikiwa vimejaa. Jambo jingine ni kama benki inasimama kwenye 17 zote au inaongeza ikiwa na ree na 6. Ikiongeza, gharama yako inapanda kwa kama senti 20 kwa kila shilingi 100. Hiyo naweza kuivumilia.

Halafu ile "bima". Mgawaji akiwa na ree anawauliza wachezaji kama wanataka bima: unaweka nusu ya dau, akiwa na blackjack unalipwa mara mbili ya ulichoweka. Jina lenyewe linatuliza roho, na nimeona watu wa kiasi kabisa wakiinunua. Piga hesabu kwa 5,000, mara 13. Karata za kumi ni aina 4 kati ya 13, kwa hiyo kwa wastani mara 4 unapata 10,000, jumla 40,000. Mara 9 unapoteza 5,000, jumla 45,000. Umeweka 65,000, umepungukiwa 5,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi 7 kwa kila 100, ndani ya mchezo ambao ukicheza vizuri unakugharimu nusu. Madau ya pembeni, yale ya jozi na rangi, yako kwenye ukoo huohuo.

Kuhesabu karata nako kuna maneno mengi. Kambini kunawezekana kweli, kwa sababu tunatumia pakiti moja na hatuchanganyi mpaka iishe. Baba Mdogo anapokuwa hagawi yeye, anaangalia kinachotoka. Zikitoka ndogo nyingi, 2 mpaka 6, anajua zilizobaki ni nzito, anapandisha dau. Zikitoka picha na ree kwa fujo, anarudi kwenye dau la chini anaanza hadithi za reli ya TAZARA ilivyojengwa. Wataalamu wana njia ileile kwa mpangilio: kila karata ya 2 mpaka 6 jumlisha 1, ya 7 mpaka 9 acha, ya 10, picha na ree toa 1, halafu gawanya kwa idadi ya pakiti zilizobaki. Sababu ni kwamba karata nzito zinampa mchezaji blackjack inayolipwa zaidi, zinamsaidia anapodabo, na zinaiunguza benki ambayo imelazimishwa kuongeza ikiwa na 12 mpaka 16. Kasino inatumia pakiti 6 au 8, na inachanganya kabla hazijaisha, kwa hiyo faida inakuwa nyembamba na mabadiliko ya dau yanaonekana. Wakikuona wanaweza kukuambia kwa adabu kwamba leo inatosha. Kwa mtu anayekuja Dar na lori la mbao mara moja moja, jedwali linatosha sana.

Kwenye simu kuhesabu ndiyo bure kabisa. Programu nyingi zinachanganya pakiti nzima kila raundi, hakuna kilichobaki cha kufuatilia. Lakini hatari ya simu ninayoiona kwa vijana wetu ni mwendo. Mezani, na watu wengine mmekaa, mnapata raundi kama 60 kwa saa. Kwa dau la 2,000 hiyo ni 120,000 inayopita mezani, na mchezaji mzuri analipa kama 600 kwa saa. Kwenye simu kidole kinaweza kupiga raundi 400 kwa saa bila kuchoka. Mchezaji yuleyule mzuri sasa analipa 4,000. Na anayecheza kwa hisia, anayepoteza shilingi 4 kwa 100, anaacha 32,000 ndani ya saa moja, amelala kitandani amejifunika blanketi. Kabla ya hilo hakikisha kwanza mchezo una leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2003, na kama hujafika miaka 18 sheria haikuruhusu kabisa.

Wapo wanaosema kasino zote ni wizi kama wale wa karata tatu stendi. Hapana. Wale wa karata tatu wanahamisha karata kwa vidole, na abiria anayeonekana anashinda ni mwenzao. Hakuna jedwali litakalokusaidia pale, ni kushika begi lako na kupanda gari. Blackjack ya kasino inakuonyesha bei yake mchana kweupe. Ni wewe tu ukubali au ukatae.

Kilichowamaliza wengi kambini ni ile ya kudabo kila ukiliwa. Kijana mmoja, mpakiaji, aliamini kabisa kwamba haiwezekani kuliwa mfululizo milele. Anaanza na 1,000, akiliwa anaweka 2,000, halafu 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000. Akishinda popote anarudisha yote na faida ya 1,000. Jioni nyingi alipata hizo elfu moja moja akatamba. Ila ukiliwa mara saba mfululizo umeacha 127,000, na kinachofuata ni kuweka 128,000 ili ufaidi 1,000. Kasino nayo ina kikomo cha dau, inakufungia njia kabla hujafika. Karata hazikumbuki kwamba umeliwa mara sita. Baba Mdogo alikuwa anampenda sana kijana yule, kila akigawa anauliza yuko wapi.

Upande wa hela, kuna namba moja ambayo kila mtu anayekaa mezani angeijua angetulia. Ukicheza raundi 100 kwa dau la 5,000, gharama yako ya kucheza vizuri ni kama 2,500. Lakini kupanda au kushuka kwa 50,000 au 60,000 ni jambo la kawaida kabisa, na hata 100,000 haipaswi kukushangaza. Kwa jioni moja bahati ni kubwa mara ishirini na zaidi ya ufundi wako. Ndiyo maana mtu anayecheza ovyo anaweza kutoka na noti zimejaa mfukoni akakucheka wewe na jedwali lako. Mwache. Hesabu inamngoja kwenye raundi elfu kadhaa zijazo, na kama anacheza kwenye simu atazifikia ndani ya wiki.

Malipo ya Keko yakiingia, natuma kwanza posho za vijana, hela ya dereva na ya nyumbani, yote kwa simu kabla sijatoka gesti. Ninayobaki nayo kwa ajili ya meza ni laki moja, na simu naiacha gesti ili nisipate njia ya kuvuta nyingine. Nikikuta meza inaanzia 2,000 nakaa, hiyo ni raundi 50 za kuanzia na jioni inapita vizuri. Nikikuta inaanzia 10,000 nakunywa soda nimesimama, naangalia kidogo, naondoka. Laki moja pale ni raundi kumi tu, na hata blackjack yenyewe kwa wastani inataka 21.